Bajeti ya Kapera: Kwa Nini Hesabu Zako Hazifiki Mwisho wa Mwezi

Kila mwisho wa mwezi kuna mtu kwa simu yako anakufundisha kupanga pesa. Ana chati ya rangi tatu. Asilimia 50 ni ya mahitaji, 30 ni ya raha, 20 ni ya akiba. Ukishindwa kuifuata, shida ni wewe. Huna nidhamu, unakula chipsi sana, unapenda kutoka wikendi.

Mimi pia naishi kwa kuongea na kamera, na hiyo chati nimekataa kuiposti. Si ati hesabu yake ni mbaya. Hiyo hesabu ilitoka Marekani, kwa kitabu cha Elizabeth Warren na binti yake Amelia Warren Tyagi kinachoitwa All Your Worth, cha mwaka 2005. Waliandikia familia za Marekani, zenye mishahara ya Marekani, na kwa watu hao ilikuwa na maana. Sisi tumeikopi bila kuuliza swali moja la msingi: mshahara wetu huku Kenya ulihesabiwa kwa ajili ya nani?

Hilo swali lina jibu, na liko kwa historia. Lakini kwanza tuweke namba mezani.

Chukua kijana anayelipwa 30,000 Nairobi. Kwa viwango vya 2025, NSSF inachukua 1,800, SHIF 825, ushuru wa nyumba 450, na PAYE kama 731. Mkononi anabaki na karibu 26,194. Nusu yake, ile ya "mahitaji", ni 13,097. Tuseme keja ni 8,000 na nauli ni 200 kwa siku, kwa siku 22 za kazi. Hiyo nauli ni 4,400. Jumla 12,400. Mfuko wa mahitaji umebaki na shilingi 697 za unga, mboga, gesi, tokeni za stima, maji na bando, mwezi mzima.

Na mama bado hajapiga simu.

Akipiga, akitaka 3,000 za fizi ya mdogo wako, hiyo chati itaiweka wapi? Haina mahali. Labda kwa raha.

Kodi ilikuja kabla ya mshahara

Pwani, watu walizoea sarafu karne nyingi kabla Mwingereza hajafika. Kilwa ilikuwa inatengeneza sarafu zake yenyewe. Lakini sehemu nyingi za bara, mali ilikuwa ng'ombe, mbuzi, nafaka na mikono ya watu. Boma lilikuwa na mipango yake: mbegu za msimu ujao haziguswi, ghala la mama mkubwa na la mama mdogo hayachanganywi, mbuzi wa mahari anajulikana. Hiyo nayo ni bajeti, ila haikuandikwa.

Mwaka 1901 serikali ya Waingereza ikaleta kodi ya nyumba. Rupia 2 kwa kila nyumba, baadaye zikawa 3. Sikiza vizuri: nyumba, si mtu. Mzee mwenye wake watatu, kila mmoja na nyumba yake, alilipa mara tatu. Mwaka 1910 ikaongezwa kodi ya kichwa, ili kijana ambaye hajajenga naye asiponyoke.

Rupia zilitoka wapi? Uuze mbuzi, uuze mavuno, ama uende ukamfanyie kazi mtu mwenye rupia. Na mwenye rupia mara nyingi alikuwa mzungu mwenye shamba, reli, au ofisi ya serikali. Hiyo haikuwa bahati mbaya. Walowezi na maafisa walijua kabisa kwamba kodi ndiyo ingewatoa wanaume nyumbani.

Kwa hivyo katika maboma mengi ya bara, bajeti ya kwanza ya pesa taslimu haikuanza na kipato. Ilianza na deni. Mtu alijua anachodaiwa kabla hajajua atapata nini. Ukiona siku hizi mtu anapokea mshahara tarehe 30 na tarehe 2 umeisha kwa kulipa Fuliza na mikopo ya simu, usifikiri hiyo tabia imezaliwa na kizazi chetu.

Kisha wakashusha hata hicho kidogo. Mwaka 1921 walowezi walikubaliana kupunguza mishahara ya Waafrika kwa thuluthi, wakati huohuo kodi ilikuwa imepandishwa. Pamoja na kipande, ile karatasi ya shingoni, hilo ndilo lililompa Harry Thuku wafuasi. Alikamatwa Machi 14, 1922, na siku mbili baadaye watu waliokusanyika Nairobi kudai aachiliwe wakapigwa risasi, Muthoni Nyanjiru akiwa kati ya waliouawa. Vitabu vya shule vinaita hiyo siasa. Ni siasa, lakini pia ni watu ambao hesabu ya nyumbani ilikataa.

Mtu mmoja, kitanda kimoja

Sasa tufike kwa mshahara wenyewe.

Mwajiri wa kikoloni alipokaa kupanga amlipe Mwafrika ngapi, aliuliza hivi: mwanamume mmoja mwenye nguvu anahitaji nini ili kesho arudi kazini? Unga. Chumvi. Makaa. Nguo. Sabuni. Mahali pa kulala. Wakajumlisha, wakaongeza kidogo juu, basi. Mke? Yuko rizavu, ana shamba, atajilisha. Watoto? Wako na mama yao. Wazazi? Kijiji kitawaangalia. Huu ndio uliokuja kuitwa mshahara wa kapera, na haukuwa siri. Ulikuwa ndio msingi wa kuhesabu kima cha chini.

Angalia huo ujanja. Shamba la mama huko Nyanza au Murang'a lilikuwa linachangia uendeshaji wa bandari ya Mombasa. Mahindi aliyolima yeye ndiyo yaliyowezesha kampuni kumlipa mumewe nusu mtu. Kwa vitabu vya mwajiri, kazi ya huyo mama ilikuwa sufuri. Lakini bila hiyo sufuri, hesabu yote inaanguka.

Hata ramani ya Nairobi inakuambia. Tembea Muthurwa, zile landi za reli. Vyumba vidogo vya safu, choo cha pamoja, bomba la pamoja. Vilijengewa mfanyakazi, si familia. Wengi hawakupata hata chumba, walipata kitanda tu. Nyumba zilizofikiria mke na watoto, kama Kaloleni, zilikuja miaka ya 1940, na zilikuwa chache.

Linganisha na afisa Mzungu katika serikali hiyohiyo. Bajeti yake ilikuwa na nyumba, na hata nauli ya meli ya kwenda likizo kwao Uingereza. Yeye alihesabiwa na kwao. Mwaka 1948 Tume ya Holmes ikashikilia kwamba Mwafrika au Mhindi akifanya kazi ile ile ya Mzungu serikalini, alipwe sehemu tatu kwa tano. Kanuni hiyo iliondolewa na ripoti ya Lidbury mwaka 1954. Yaani mpaka babu zetu wanakuwa watu wazima, serikali ilikuwa na hesabu rasmi ya tumbo la nani ni kubwa kuliko la nani.

Mombasa ilikataa

Wa kwanza kusema hiyo hesabu ni uongo hawakuwa wataalamu. Walikuwa makuli wa bandari, wafagizi na wafanyakazi wa reli.

Mwaka 1939 Mombasa iligoma, na jambo kubwa lilikuwa rent. Sheria ilisema mwajiri ampe mfanyakazi nyumba au pesa za kutosha kulipia nyumba. Waajiri wengi hawakufanya lolote kati ya hayo mawili. Serikali ikaunda tume ya Willan ichunguze. Vita vya dunia vikaja, bei zikapanda, malalamiko yakarudi, na mwaka 1945 kukawa na kamati nyingine ya Phillips. Tume juu ya tume. Unaifahamu hiyo Kenya.

Januari 13, 1947, watu wakachoka. Karibu wafanyakazi 15,000 waliweka vyombo chini na Mombasa ikasimama kwa siku 12. Walikutana kwa uwanja wa mpira, wakaanzisha African Workers' Federation, na Chege Kibachia akawa rais wake. Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza katika baraza la kutunga sheria, ndiye aliyeenda kuzungumza nao warudi kazini. Baraza la Thacker likateuliwa, mishahara ikaongezwa. Agosti mwaka huohuo Kibachia akakamatwa na kupelekwa Baringo, mbali kabisa na bahari.

Halafu ikaja 1954. Huo ni mwaka wa Operesheni Anvil, maelfu ya watu wanasombwa Nairobi na kupelekwa kizuizini. Katikati ya hayo, kamati ya serikali yenyewe, ikiongozwa na Kamishna wa Kazi F. W. Carpenter, ikatoa ripoti kuhusu mishahara ya Waafrika. Na ikakiri. Karibu nusu ya wafanyakazi wa mjini katika kampuni binafsi, na karibu robo ya wale wa serikali, walikuwa wanalipwa chini ya mahitaji ya msingi ya afya, heshima na uwezo wa kufanya kazi. Kamati ikasema kima cha chini kiache kumhesabu kapera, kimhesabu mtu, mke na watoto wawili. Pendekezo lake lilikuwa kipande kwa miaka kumi mpaka kifike mara mbili na nusu ya kile cha kapera.

Serikali ilikubali wazo, lakini ikapunguza kiwango na kasi. Waajiri nao walilalamika kwamba mshahara ukipanda kazi zitapungua, na tuwe wakweli, hiyo hoja haikuwa ya bure. Miaka iliyofuata mishahara ya mjini ilipanda na nafasi za kazi hazikuongezeka kwa mwendo huohuo. Yule aliyekuwa ndani alipata, aliyekuwa nje akabaki langoni. Hiyo mivutano tunayo mpaka leo kila Mei Mosi.

Ila kwangu kitu kikubwa ni hiki: mwaka 1954, kwa maandishi, watawala wenyewe walikubali kwamba bajeti ya mtu mmoja ilikuwa inalipia uchumi wa watu wengi. Miaka 70 baadaye, watu wa chati wanaturudisha kwa kapera.

Gunia liligeuka M-Pesa

Kuna kitu kimebadilika, na ndicho kinachoumiza zaidi. Ule mshahara wa kapera ulikuwa na mto wa kuegemea, yaani shamba. Mtu wa Nairobi akienda nyumbani Krismasi, alirudi na gunia la mahindi, kuku na ndizi. Ushago ulikuwa unalisha mji.

Leo ekari tano za babu zimegawanywa kwa wana watano, na kila mmoja amegawia wanawe. Mbolea ni pesa. Mvua ina mambo yake. Kwa nyumba nyingi mto umegeuka unapanda mlima: pesa inatoka mjini kwenda ushago. M-Pesa ilipoanza Machi 2007, tangazo lake lilihusu kutuma pesa nyumbani. Safaricom ilielewa kitu ambacho chati hazielewi. Kutuma nyumbani si dharura wala tabia mbaya. Ni laini ya kudumu katika bajeti ya Mkenya, na kubwa kiasi kwamba kampuni nzima iliweza kupanda juu yake.

Sasa fikiria. Mshahara bado una alama za kapera, lakini lile shamba lililokuwa linauziba halipo. Hata sheria bado ina makovu. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinasema mwajiri akupe nyumba au pesa ya kutosha kulipia nyumba. Ni lugha ile ile waliyogomea watu wa Mombasa 1939. Wewe angalia pesilipu yako, laini ya nyumba, halafu uniambie ni keja gani inalipika na hiyo.

Shosho na mabati

Kuna watu ambao hawakungoja kamati. Miaka ya 1960, wanawake wa Kati waliunda vikundi vilivyoitwa vya mabati. Nyumba nyingi zilikuwa za nyasi. Wanachangishana, wanalima pamoja kwa malipo, pesa inaezeka nyumba ya mmoja. Kisha ya mwingine. Kisha ya mwingine, mpaka nyasi ziishe kijijini.

Shosho wangu alikuwa kwa kikundi kama hicho. Nilimuuliza siku moja walijuaje kiasi cha kuchanga. Akanicheka. "Tulihesabu mabati ya nyumba ya yule mwenye nyumba kubwa, si ya mwenye ndogo." Kisha akaongeza misumari, chai ya mafundi, na kitu cha yule ambaye mwezi huo mtoto wake atakuwa mgonjwa, kwa sababu kila mwezi mtoto wa mtu alikuwa mgonjwa.

Mimi hapo nilikaa kimya. Huyu mama hakufika darasa la nane, lakini hiyo sentensi ina yote. Hesabu ya juu, si ya chini. Gharama ndogondogo ziko ndani. Dharura si dharura kama inakuja kila mwezi, ni gharama, iandikwe. Na lengo linaonekana kwa macho: bati kwa paa. Hakuna aliyeambiwa "weka akiba" tu hivi hivi hewani.

Linganisha na uchumi wa kadogo tunaoishi. Mafuta ya kupima, sukari robo, sabuni ya kukatwa, tokeni za 50. Watu hucheka wakisema maskini hajui kununua kwa jumla. Si kujua. Anayelipwa kwa siku hununua kwa siku. Bajeti ya mwezi kwa mtu wa mjengo ni kama kalenda ya mwaka kwa mtu anayeomba mvua ya leo. Wake apange kwa siku na kwa wiki, na siku ya kazi nzuri ilipie siku ya kukosa.

Usiwe mlowezi kwa kibanda chako

Sasa hii ni ya wenye biashara ndogo, na hapa nitakanyaga mguu wa mtu.

Nimekaa na wasee wengi wa vibanda tukipiga hesabu. Anakuambia, "Nanunua mboga ya 2,000, nauza 3,000, faida 1,000." Namuuliza, nani anakaa kwa kibanda ukienda Marikiti alfajiri? "Dada yangu." Unamlipa? "Aah, si ni dada." Kibanda kiko wapi? "Kwa ploti ya mzee." Wewe mwenyewe unajilipa? Kicheko.

Hiyo faida ya 1,000 haiko. Imetoka kwa mfuko wa dada na wa mzee. Ni hesabu ile ile ya mwajiri wa 1930: kuna mwanamke mahali anafanya kazi ambayo imeandikwa sufuri. Siku dada akiolewa au akipata kazi, biashara inakufa, na wewe unasema umerogwa.

Kazi isiyolipwa haimaanishi haina bei. Iandike. Hata kama huwezi kuilipa leo, iandike uijue. Weka mshahara wako, wa dada, rent ambayo ungelipa ploti isingekuwa ya mzee, nyanya zinazooza, kanjo, makato ya kutoa pesa. Ukiona baada ya hapo faida ni 150, angalau una ukweli, na unaweza kuamua kupandisha bei, kubadilisha bidhaa au kufunga. Kwa uongo wa 1,000 huwezi kuamua lolote.

Na ya nyumbani ni hivyohivyo. Kabla ya kuandika namba yoyote, andika majina. Nani anakula kutoka kwa hii pesa? Wewe, mtoto, mama, mdogo wako aliye Fomu Tatu, yule binamu anayekuja "kwa wiki moja". Majina yakiisha ndipo unaandika pesa. Kisha chukua kalenda, weka fizi za Januari, Mei na Agosti, weka Krismasi, weka harambee za matanga kwa sababu zitakuja, na ugawanye kwa miezi 12. Cha mama kiwe na laini yake na kiasi chake, mkikubaliane naye uso kwa uso. Mama akijua ni 2,000 tarehe 3 kila mwezi, atapanga. Mama anajua kupanga kukuliko.

Ukimaliza unaweza kukuta pesa haitoshi. Wengi watakuta hivyo. Na hapo ndipo natofautiana na watu wa chati: bajeti ya kweli haikuahidi kwamba itatosha. Kazi yake ni kukuonyesha upungufu ni shilingi ngapi na umetoka wapi. Kama umetoka kwa starehe, jirekebishe. Kama umetoka kwa mshahara uliohesabiwa kwa kapera, usijitukane. Makuli wa Mombasa hawakuambiana wapunguze chai. Walijua pengo ni la nani, wakaenda kumdai.

Kwa hivyo wiki hii usidownload chati ya mtu. Chukua daftari la squared la shilingi chache, uandike majina.